Paneli ya wati 340, ampea 8 tu

Msomaji wa Arusha anauliza hivi:

"Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser mkonga, pikapu, nimeijengea boksi la kulala nyuma. Naikodisha kwa wageni wanaojiendesha wenyewe, na mara mojamoja tunatoka nayo na familia. Mwanzo ilikuwa na paneli ya wati 100, betri ya sola ya Ah 100 (yaani ampea-saa 100) na kontrola ya ampea 30, ile ya kusimamia chaji. Friji ya lita 60 ikawa inazima usiku, nikaambiwa paneli ni ndogo. Nikaitoa, nikaweka ya wati 340, zile za kufunga nyumbani. Sasa saa sita mchana, jua kali, kontrola inaonyesha ampea 8, na friji bado inazima saa kumi alfajiri. Muuzaji anasema niongeze paneli nyingine kama hiyo na betri mbili. Mke wangu naye anataka birika la umeme. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hela irudi mfukoni. Huyo muuzaji anakuandikia dawa na hajakupima hata joto. Paneli ya pili ukiifunga kama ulivyoifunga ya kwanza, utapata hasara ileile mara mbili.

Hiyo ampea 8 umeiandika kama jambo la kupita, kumbe ndiyo imenieleza karibu kila kitu. Panda juu ya boksi ukasome kibandiko kilicho mgongoni mwa paneli. Paneli ya wati 340 yenye seli 72 huandikwa Vmp, yaani volti zake ikiwa kazini, 38 hivi, na Imp, yaani ampea zake ikiwa kazini, 8.9. Zidisha 38 kwa 8.9, unapata 338. Hizo ndizo wati zako. Maana yake ni kwamba paneli hiyo haikuundwa itoe ampea nyingi. Inatoa ampea chache kwa volti kubwa. Na kontrola yako, kama ni ile ya plastiki yenye vitufe vitatu na matundu mawili ya USB inayouzwa kila duka la umeme mjini, ni PWM. PWM ni swichi tu inayofunga na kufungua kwa haraka. Inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja. Betri ikiwa na volti 13, paneli nayo inaburutwa chini hadi volti 13, na volti 25 zilizobaki hazikufikii kamwe. Ampea 8.9 mara volti 13 ni wati 116.

Kwa hiyo umebeba kilo 22 za kioo juu ya paa upate wati 116 tu. Ile uliyoitoa ilikuwa inakupa ampea 5 na nusu. Umeongeza ampea mbili na kitu.

Lakini paneli yako si kosa, usiiuze. Kosa liko kwenye kontrola. Kontrola ya aina ya MPPT inafanya kazi kama gia: inaiacha paneli izunguke kwa volti zake 38 inazozipenda, halafu inazibadilisha hizo volti za ziada kuwa ampea za kuingia kwenye betri. Wewe ni dereva, unajua tofauti ya kupanda mlima na gia moja tu na kupanda na gia zote. Kwa paneli hiyohiyo, paa hilohilo, saa sita hiyohiyo, ungeona ampea 19 hivi badala ya 8.

Utaniuliza mbona 19 wakati 340 kugawanya kwa 13.5 ni 25. Kwa sababu wati 340 zilipimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya boksi lako mchana seli zinafika 60, wakati mwingine zinapita. Kila nyuzi moja juu ya 25 inakula karibu asilimia 0.4 ya wati. Hapo imekwenda asilimia 14. Vumbi, nyaya na kontrola yenyewe vinakula kiasi chao. Ukipata wati 260 kwenye paneli ya 340 iliyolala juu ya gari, shukuru, hiyo ni mali.

Nunua MPPT ya ampea 30, upande wa paneli iwe inabeba volti 75 au 100. Paneli yako ikiwa haijaunganishwa na kitu inafika volti 46 au 47, na asubuhi ya baridi inapanda kidogo zaidi, kwa hiyo ya volti 50 inakaa ukingoni mno. Sasa uwe macho. Sokoni kuna kontrola zimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa za dhahabu, na ndani ni PWM ileile. Ya kweli ya ampea 30 ni nzito mkononi, mgongoni ina aluminiamu yenye mapezi ya kupoza, kwa sababu ndani kuna koili ya shaba. Ile inayokaa mkononi kama rimoti ya tivii, iache dukani.

Tena kuna kipimo ambacho hakidanganyi. Chukua mita, weka kwenye volti za DC, subiri betri iwe haijajaa na jua liwe kali, kisha gusa skrubu mbili za kontrola zinazopokea waya za paneli. Ukisoma volti 13 au 14, sawa na betri, hiyo ni PWM hata kama imeandikwa nini. Ukisoma 31 hadi 36, hiyo ni MPPT. Anza na hiyo uliyonayo sasa, unitumie jibu.

Wakati wa kubadilisha, chomoa waya za paneli kwanza, betri baadaye. Wakati wa kurudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola inaitazama betri ijue ni mfumo wa volti 12 au 24. Ukiipa paneli kabla ya betri inaweza kuchanganyikiwa au kufa palepale.

Tukiachana na kontrola, twende kwenye saa kumi alfajiri. Hapo nina washukiwa watatu, na nadhani wote wana hatia.

Wa kwanza ni waya wa friji. Mafundi wengi wa boksi huvuta waya mwembamba wa taa mpaka kwenye soketi ya kuwashia sigara, wakachomeka friji hapo. Tuseme kutoka betri hadi friji ni mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba. Waya wa milimita za mraba 1.5, friji ikivuta ampea 4, unapoteza karibu nusu volti njiani, na kompresa inapoanza kuzunguka unapoteza zaidi. Betri ina volti 12, friji inaona 11.5 au chini. Friji hizi za kompresa zina ulinzi wa betri wa ngazi tatu, H, M na L. Ikiwa imewekwa H, inasema betri imekwisha na inajizima, kumbe betri bado ina kitu. Waya wa milimita za mraba 6 kwa urefu huohuo unapoteza volti 0.12 tu. Upime hivi: kompresa ikiwa inanguruma, soma volti kwenye vichwa vya betri, halafu soma kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi volti 0.3, badilisha waya kabla ya kununua kitu kingine chochote. Na ile soketi ya sigara ing'oe. Yale mawimbi ya barabara ya Naabi kwenda Seronera yanaitikisa plagi mpaka inatoka kidogo kidogo. Nimewahi kuitwa Karatu usiku kwa ajili ya friji "iliyoungua", nikaisukuma plagi ndani kwa kidole gumba na kazi ikawa imekwisha. Weka plagi ya kufunga kwa skrubu.

Wa pili ni betri yenyewe. Hujaniambia ina umri gani, lakini kwa miezi yote ya paneli ya wati 100 ilikuwa inalala na njaa, na betri ya risasi isiyojazwa kikamilifu inaota chumvi kwenye sahani zake na kupoteza uwezo ambao haurudi. Kuijua ni rahisi. Ijaze kwa chaja ya umeme wa TANESCO usiku kucha, ipumzishe saa tatu, kisha iunganishe na balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55. Hiyo inavuta ampea 4 na nusu hivi. Betri nzima ya Ah 100 itaiwasha saa tisa, kumi, kabla ya kushuka chini ya volti 12. Yako ikishuka baada ya saa tatu au nne, imebaki jina tu.

Wa tatu hukumtaja vizuri, ila umesema birika, kwa hiyo najua una inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Swali langu: mnaizima usiku? Inveta ya wati 1000 ikiwa imewashwa bila kitu chochote inakula ampea 0.8 hivi. Kwa siku nzima ni Ah 19. Hiyo ni zaidi ya taa zako zote, simu na kamera za mgeni kwa pamoja. Mgeni anachaji kamera jioni, analala, na ile taa ndogo ya kijani ya inveta inakesha. Simu na kamera zichajiwe kwa soketi za USB zinazolishwa na betri ya volti 12 moja kwa moja, inveta iwekewe swichi karibu na mlango mahali mtu ataiona.

Tufanye hesabu ya usiku mmoja, kuanzia saa kumi na moja jioni jua linapokosa nguvu hadi saa mbili asubuhi. Friji inazunguka theluthi moja ya muda, saa tano kwa ampea 4, Ah 20. Taa za LED Ah 7. Kuchaji vifaa Ah 8. Inveta iliyosahaulika Ah 12. Jumla 47. Betri mpya ya risasi ya Ah 100 inatakiwa itumike nusu tu ili iishi, kwa hiyo 47 ni mpaka wa mwisho hata ikiwa mpya. Yako iliyochoka, na haikujazwa mchana kwa ampea 8, inafika saa kumi alfajiri inakata roho. Hakuna uchawi hapo.

Kuna na jambo la soda, naomba uwaambie wageni wako. Kreti moja ya soda za chupa 24 zilizochukuliwa dukani zikiwa vuguvugu, ukizipakia kwenye friji, kuzipoza tu kunakula Ah 15 hivi. Nunua baridi. Na siku moja kabla ya safari friji ichomekwe ukutani nyumbani ipoe ikiwa imejaa, iingie njiani ikiwa inatunza baridi tu. Ukiwa Natron, kule chini mita mia sita hivi ambako joto halina adabu, friji hiyohiyo itazunguka zaidi ya nusu ya muda. Iachie nafasi ya kupumua nyuma yake upana wa kiganja, na dirisha la boksi liwe wazi. Mafundi wa mbao wanapenda kuijengea friji kabati linalobana kama jeneza, ipendeze. Inapendeza, lakini inajipikia yenyewe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuuliza, ingawa ndilo ninaloliona kubwa kuliko paneli. Gari lako lina jenereta chini ya boneti, altaneta. Mgeni akienda Tarangire, Manyara, Ngorongoro mpaka Serengeti, anaendesha saa nne, tano, sita kwa siku. Ukifunga chaja ya DC-DC ya ampea 30 kati ya betri ya mbele na ya nyuma, saa nne za kuendesha ni karibu Ah 120 kwenye makaratasi. Jua zuri la siku nzima kwenye paneli yako, na MPPT, ni Ah 90 hivi. Kwa hiyo siku za kuendesha altaneta inalisha, siku za kukaa kambini jua linalisha, na wiki ya masika ambapo mawingu yanashusha paneli hadi robo au chini yake, huna presha.

Najua utaambiwa relei inatosha, ile ya kuunganisha betri mbili ukiwasha gari. Kwa betri ya risasi ilikuwa inatosha kiasi. Kwa lithiamu usithubutu, na hapa naongea kwa jeraha langu. Zamani nilimfungia mteja betri ya lithiamu kwa relei, nikajiona mjanja nimemwokolea gharama. Tukaliacha gari limesimama uani linaunguruma silensa, tukiangalia ampea zinavyoingia: 70, 75. Tukashangilia. Baada ya dakika ishirini hivi ikaja harufu ya vanishi inayoungua, halafu moshi mwembamba. Betri ya lithiamu haina ukinzani wa kujizuia, inakunywa chochote inachopewa, na altaneta kwenye silensa inatoa nguvu yote huku feni yake inazunguka polepole, haipoi. Altaneta nililipa mimi. Chaja ya DC-DC inaweka kizuizi: ampea 30, hazizidi, na inatoa volti sahihi hata kama altaneta inatoa pungufu. Soma kibandiko cha altaneta yako kwanza. Usichukue zaidi ya theluthi moja, au kwa ukali kabisa nusu, ya ampea zilizoandikwa.

Chaja hiyo ikae nyuma karibu na betri ya boksi. Kebo ya kutoka mbele, mita 6, iwe ya milimita za mraba 16 au 25, na iwe na fyuzi kila mwisho, kwa sababu kila mwisho kuna betri. Kebo ya kuchomelea vyuma ni nzuri kwa kazi hii, inajikunja na inavumilia mtikisiko, ila kwaruza uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona mweupe chini ya ile rangi, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie mwenyewe. Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo la haidroliki, visichomewe kwa risasi ya kulehemu peke yake. Kwenye mtikisiko waya hukatika pale risasi inapoishia.

Betri sasa. Kama ile balbu imekuthibitishia kwamba betri imekwisha, nunua lithiamu, aina ya LiFePO4, moja, ya Ah 100. Siyo mbili. Inakupa Ah 80 hadi 90 za kutumia bila kuumia, ambapo ya risasi inakupa 50. Ina kilo 12 hivi badala ya 28 au 30. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: betri ya risasi ikifika asilimia 80 inaanza kunywa kwa kijiko, na hiyo asilimia 20 ya mwisho inataka saa nyingi ambazo gari halina. Lithiamu inapokea ampea zako 30 karibu mpaka mwisho. Kwa gari linalowashwa na kuzimwa siku nzima kutazama simba, hiyo ndiyo tofauti. Ukiizima inveta, usiku wako ni Ah 35, kwa hiyo unabaki na akiba ya usiku wa pili hata jua likigoma. Betri ya pili utakuwa umeinunulia wasiwasi.

Badilisha mpangilio wa kontrola na chaja uwe wa lithiamu: volti 14.2 hadi 14.4 za kujaza, 13.5 za kushikilia, na ile hatua ya kusawazisha izimwe kabisa. Ukisahau, siku moja kontrola itapandisha volti kusawazisha betri ya risasi ambayo haipo, na BMS, ule ubao wa ndani unaolinda seli, utakata chaji ghafla. Friji sasa iweke L, maana BMS ndiyo mlinzi.

Usiogope habari za mitandaoni za lithiamu kukataa baridi. Ni kweli haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na wenye magari kama yako Canada na Ulaya wanaiwekea hadi blanketi la umeme. Ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mita 2,300, mgeni atatetemeka usiku, lakini betri iliyo ndani ya boksi chini ya kitanda haitafika sifuri. Adui wetu ni joto. Usiiweke chini ya boneti, usiiweke karibu na ekzosi. Na zile lithiamu za mtumba zinazosemekana zimetoka kwenye minara ya simu, nyingi ni za volti 48, si za gari lako.

Kitu kimoja kitakuchanganya. Ulizoea kusoma volti ukajua betri imebaki kiasi gani: 12.7 imejaa, 12.2 nusu. Lithiamu inakaa kwenye 13.2 au karibu yake siku nzima, halafu inaanguka ghafla. Weka kipimo cha shanti. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye hasi ya betri na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Sharti hasi zote zipite kwake: ya friji, ya kontrola, ya inveta, hata ile ya bodi. Moja ikipita pembeni, kipimo kinakuwa saa mbovu. Mgeni ataelewa asilimia kwenye skrini haraka kuliko maelezo yako yoyote.

Na fyuzi kuu ya betri iwe ndani ya kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa chanya. Betri hii ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Fyuzi ya kioo ya redio haina kazi hapo. Tafuta ya bolti, aina ya ANL au MRBF.

Birika. Mpe shemeji salamu zangu, umwambie hivi. Mabirika mengi yana wati 1800 hadi 2200. Kwenye volti 12 hiyo ni kuvuta ampea 170 mpaka 200, inveta ya wati 1000 itakataa, na BMS ya betri ya Ah 100 mara nyingi inaishia ampea 100. Akipata birika dogo la wati 600 au 700 la safari, lita moja ya maji itakula Ah 9 hivi na subira ya dakika kumi hivi. Inawezekana mchana jua likiwa kali, gari likiwa limeegeshwa. Asubuhi kabla ya jua, mtungi mdogo wa gesi unachemsha haraka na betri haijui kitu. Mimi ningebaki na gesi.

Kuhusu paa. Kufunga paneli imelala bapa ni sawa kabisa kwetu, usishawishike na fremu za kuinua unazoziona kwenye video za Wazungu. Wao jua lao linapita chini, sisi Arusha tuko kwenye nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakuwa utosini. Hata Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kuliko wakati wowote, paneli iliyolala inapoteza asilimia 11 hivi saa sita mchana. Fremu ya kuinua itakatwa na tawi la mgunga kabla haijalipa gharama yake.

Lakini paneli ya nyumbani ilitengenezwa ikae juu ya bati lisilotembea. Ishikwe urefu wote wa pande zake mbili ndefu kwa vyuma vya pembe, siyo vibano vinne vya kona. Weka mpira kati ya chuma na fremu, nati ziwe za kujikaza, na chini ibaki nafasi ya sentimita 4 hewa ipite. Kila ukirudi safari, pitisha spana. Zile paneli laini za kubandika kama stika sizipendi kwa nchi hii. Hazina hewa chini, zinajipika, na baada ya misimu michache zinatoa mabaka ya kahawia.

Kivuli nacho. Paneli yako ya seli 72 imegawanywa ndani makundi matatu. Kivuli cha dumu la maji au tairi ya akiba kikiangukia kona moja tu, kundi zima linarukwa, volti zinashuka kutoka 38 hadi 25 hivi. Na hapa ndipo nakwambia tena paneli yako si kosa: volti 25 bado ziko juu ya betri, MPPT itaendelea kuchaji kwa theluthi mbili. Ile ya zamani ya seli 36 ina makundi mawili. Likilala moja inabaki volti 9, na volti 9 haziwezi kuingia kwenye betri ya 12. Hata hivyo sogeza dumu. Na mwachie mgeni kitambaa na ndoo, vumbi la Natron linafunika paneli kama unga wa kinu; aifute asubuhi ikiwa baridi, si saa saba kioo kikiwa cha moto.

Ukiniuliza utaratibu wa hela, waya wa friji uwe wa kwanza maana ni wa bei ndogo, na swichi ya inveta. Kisha MPPT. Safiri nayo mara moja uone. Betri na chaja ya DC-DC vije pamoja mfuko ukiruhusu, visitenganishwe kwa sababu niliyokwambia, ile ya altaneta yangu. Paneli ya pili, hapana.

Nitumie namba mbili kabla ya Jumamosi: volti kwenye skrubu za paneli saa sita mchana, na tofauti ya volti kati ya betri na plagi ya friji kompresa ikizunguka. Huyo wa betri mbili mwambie bado unapima.